Alirudi Nyumbani Kumuuliza Mkewe

Mahekalu ya Wajaini kule India ni kati ya kazi nzuri kabisa ambazo mikono ya binadamu imewahi kufanya. Mwandishi wetu alianza kuyafahamu akiwa jikoni, Karatu, kwa sababu ya vitunguu. Alichojifunza kiligusa ndoa yake.

Mpenzi msomaji, hebu jaribu kupika mchuzi bila kitunguu maji, bila kitunguu saumu, bila tangawizi, bila kiazi na bila karoti. Halafu ufanye hivyo Karatu, wilaya ambayo vitunguu vya Mang'ola vinajaza malori msimu wote. Kazi hiyo niliipata mimi Februari 2023, na ndiyo iliyonifikisha kwenye habari ninayotaka kukusimulia.

Mimi na mume wangu tunaishi Karatu mjini. Yeye ni dereva na mwongoza watalii, mimi nasimamia nyumba ndogo ya wageni. Wengi wanaolala kwetu wanakuja kwa usiku mmoja au mbili, asubuhi wanapanda zao kwenda Ngorongoro. Mwezi huo tulipata wageni wawili kutoka Leicester, Uingereza, mzee na mkewe, waliokuja kusherehekea miaka 50 ya ndoa. Barua pepe yao ilikuwa fupi na ya adabu: sisi ni Wajaini, hatuli nyama, samaki wala mayai. Hatuli kitu kinachochimbwa ardhini. Na chakula cha jioni tunakula kabla jua halijazama.

Mpishi wetu aliisoma mara mbili. "Dada," akaniambia, "mchuzi bila kitunguu si mchuzi. Hayo ni maji ya moto."

Siku yao ilipofika nilikuwa nimejiandaa na Kiingereza changu chote. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka bibi mfupi mwenye sari na raba nyeupe, akaniangalia, akasema, "Hujambo mwanangu? Usihangaike na Kizungu, mimi mtu wa Mombasa."

Kumbe alizaliwa na kukulia Mombasa, na ndiko alikofunga ndoa mwaka 1973 kabla ya kuhamia Uingereza. Nusu saa baadaye alikuwa jikoni na mpishi, amekunja mikono ya sweta, anachambua choroko. Tulikuwa na mbaazi za hapa hapa Karatu, tulikuwa na bamia, kabichi na ndizi za kupika. Yeye alikuja na kikopo cha hingi, ile gundi ya mmea iliyosagwa ambayo ukiitupa kwenye mafuta ya moto inanukia kama kitunguu. Saa kumi na mbili kasoro walikuwa mezani, jua bado liko juu ya vilima. Jamani, mchuzi ulikuwa mtamu. Mpishi alikubali mwenyewe.

Ni pale mezani ndipo Bibi aliponiuliza swali ambalo kila mtu huniuliza. "Una watoto wangapi, mwanangu?"

Nikajibu kama ninavyojibu siku zote. "Bado, Mama. Mungu hajatujalia." Mume wangu akasimama, akasema anakwenda kuangalia upepo wa matairi.

Tulikuwa na miaka saba ya ndoa. Wasomaji waliopitia hali hiyo hawahitaji maelezo. Wengine nitawaambia kwa kifupi tu: kuna mama mkwe anayepiga simu kila Jumapili, kuna shangazi mwenye dawa za mizizi, na kuna maneno ya chini chini kwamba mwanamume asikae hivi hivi wakati wanawake wamejaa. Mimi nilikuwa nimeshachoka hata kulia.

Bibi hakusema pole. Hakuniambia nimuone daktari gani. Alimalizia chai yake, akasema, "Kesho huko kreta kuna mahali pa kukaa? Basi njoo na wewe. Nina hadithi ya hekalu moja."

KIVUKO

Asubuhi tulipanda sote wanne kwenye Land Cruiser. Kutoka Karatu hadi lango la Lodoare si mbali, na njiani Mzee alitueleza imani yao kwa utulivu kama mwalimu.

Ujaini ni dini ya zamani sana ya India. Mahavira, mwalimu wao mkubwa wa mwisho, aliishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, zama zilezile za Buddha. Wao humhesabu kuwa wa 24. Wa kwanza ni Rishabha, ambaye huitwa pia Adinatha. Kila mmoja wao anaitwa tirthankara, na neno hilo linatokana na "tirtha", maana yake kivuko, pale mtoni ambapo maji ni haba na mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Tirthankara ni mtengeneza kivuko. Na mahali pa kuhiji nako kunaitwa hivyo hivyo, tirtha.

Amri yao kuu ni kutodhuru kiumbe chochote. Ndiyo maana hawali nyama. Na kitunguu je? Ukichuma bamia, mmea unabaki hai. Ukingʼoa kitunguu au karoti umeua mmea mzima, na udongoni mna viumbe vidogo visivyohesabika ambavyo umevisumbua. Usiku nao hawali kwa sababu gizani na kwenye taa wadudu huingia chakulani bila mtu kuona.

"Sasa mnaishije?" mume wangu akauliza. Mzee akacheka. "Mimi nina miaka 76. Unaona naishi vipi."

MLIMA AMBAO HAKUNA ANAYELALA

Tuliposimama ukingoni kutazama chini, Bibi alikaa kimya muda mrefu. Msomaji ambaye hujafika Ngorongoro, jaribu kupiga picha kichwani: bakuli lenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, na ndani yake tambarare yenye ziwa, msitu na maelfu ya wanyama. Halafu akauliza, "Huko chini kunalala watu?"

Mume wangu akamjibu kwamba hapana. Magari yote yanatakiwa yawe yametoka ifikapo saa kumi na mbili jioni.

"Kama Shatrunjaya," akasema Bibi.

Shatrunjaya ni mlima ulio juu ya mji wa Palitana, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Kwa Wajaini wengi hakuna hija kubwa kupita hiyo. Huko juu kuna mahekalu zaidi ya 800, makubwa na madogo, yamejazana kileleni ndani ya kuta kama mji mzima. Lakini ni mji usio na wakazi. Hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna hoteli. Mahujaji wanaanza kupanda alfajiri, ngazi za mawe zaidi ya 3,000, wengi wakiwa wamefunga na wengine pekupeku. Kiatu au mkanda wa ngozi haupandi mlimani. Wazee wasioweza hubebwa na wapagazi kwenye kiti cha kuning'inia. Na kabla ya giza, kila mtu anashuka, makuhani nao wanashuka, mlima unabaki wenyewe. Msimu wa masika ya kule, miezi minne, hija husimama kabisa.

Sehemu kubwa ya majengo yanayoonekana leo ni ya karne ya 16 na kuendelea, kwa sababu ya zamani yalibomolewa katika vita. Hekalu kuu la Adinatha lilikarabatiwa mwaka 1531 na tajiri mmoja aliyeitwa Karma Shah. Watu wakibomolewa walijenga tena, na familia iliyopata faida katika biashara ilipeleka sehemu yake mlimani. Na watu wa Palitana hawana mchezo na amri yao. Mwaka 2014 watawa wapatao 200 walisusia kula mpaka uchinjaji na uuzaji wa nyama ukapigwa marufuku mjini humo.

Mume wangu alikuwa anasikiliza huku anashusha gari taratibu kwenye mteremko wa Seneto. Akasema, "Hapa kwetu ni tofauti kidogo, Mama. Huko wenyewe wamechagua kutolala. Hapa chini Wamasai walikuwa wanaishi. Mwaka 1974 ndipo walipoondolewa sakafuni, hawakuulizwa." Bibi akaitikia kwa kichwa. Alilijua jambo la watu kuhamishwa. Ndugu zake walikuwa Uganda mwaka 1972.

Ni kweli lakini kwamba na sisi tuna mahali petu pa kuhiji huku. Kabla ya Wamasai, kreta na nyanda zake zilikuwa za Wadatoga, mpaka waliposhindwa vitani katika karne ya 19. Upande wa msitu wa Lerai wazee wanaonyesha mikuyu mikubwa inayoheshimiwa, na inasimuliwa kwamba hapo amelala kiongozi wa Kidatoga. Watu wake wameendelea kufika kumkumbuka, na Wamasai nao huheshimu mahali hapo ingawa aliyelala ni adui wa babu zao. Hakuna nguzo wala marumaru. Kuna mti tu.

Na kaskazini mashariki, nje ya hifadhi, umesimama Oldoinyo Lengai, volkano hai ambayo jina lake kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu. Huko Wamasai huenda kuomba mvua. Wanawake huenda kuomba watoto.

Hilo la mwisho mume wangu alilisema halafu akanyamaza, akajifanya anatafuta faru.

HADITHI YA VIMAL NA SHRIDEVI

Tulikula mchana Ngoitokitok, penye bwawa la viboko. Tulilia ndani ya gari, maana mwewe wa pale wanajulikana. Ukitoka na mkate mkononi wamekupokonya. Bibi aligawa thepla, chapati nyembamba za Kigujarati zenye majani ya uwatu. Ndipo akaanza.

Kwenye mlima Abu, jimbo la Rajasthan, kuna kundi la mahekalu matano yanayoitwa Dilwara. La kwanza, Vimal Vasahi, lilijengwa mwaka 1031. Aliyelijenga ni Vimal Shah, waziri na kamanda wa jeshi la mfalme Bhima wa Kwanza wa Gujarat. Alikuwa mtu wa vita, mwenye mali na cheo. Alichokosa ni mtoto.

Inasimuliwa kwamba Vimal alifunga na kuomba mpaka mungu wa kike Ambika akamtokea, akamwambia aseme anachotaka. Akaomba viwili: apate mtoto wa kiume, na ajaliwe kujenga hekalu. Ambika akamjibu kwamba atapata kimoja tu. Achague.

"Sasa sikiliza," Bibi akasema, akanishika goti. "Hakujibu pale pale. Alirudi nyumbani kumuuliza mkewe."

Mkewe aliitwa Shridevi. Vimal akamweleza yote. Na Shridevi ndiye aliyesema: chukua hekalu.

Wapo wanaosimulia zaidi. Wanasema mume na mke walikuwa njiani kupeleka jibu lao, wakapata kiu, wakafika kwenye kisima kilichojengwa vizuri. Wakataka kunywa. Kijana mmoja akawazuia akidai pesa. Wakamuuliza kwa nini, akasema kisima hiki alikichimba babu yangu. Wale wawili wakatazamana. Babu alichimba kisima wapita njia wanywe, mjukuu anauza maji. Wakajua kwamba mtoto si lazima abebe wema wako, na wakaenda na jibu lao bila kusita.

Mume wangu alicheka kwa nguvu. "Huyo kijana namjua, anauza maji ya dumu Karatu!" Tukacheka sote. Lakini mimi nilikuwa nimebaki nyuma, pale ambapo mtu amerudi nyumbani kuuliza. Kwa miaka saba kila mtu alikuwa ameniambia ninachopaswa kutaka. Mama mkwe ameniambia, mchungaji ameniambia, wauguzi wameniambia. Hakuna aliyeniuliza.

NDANI YA JIWE

Kwa hiyo walijenga nini? Mzee akatoa simu akatuonyesha picha, na tangu siku hiyo nimezitafuta na kuzisoma mpaka usiku.

Kwanza, kwa nje Dilwara haina mbwembwe. Ni kuta za kawaida. Unaweza kupita usijue. Ukiingia ndani ndipo unasahau kufunga mdomo. Kila kitu ni marumaru nyeupe, na sisemi vile vigae vya sakafuni tunavyoviita marumaru madukani. Nasema jiwe lenyewe, lililotolewa vilima vya Arasur na kupandishwa mlimani. Nguzo zimechongwa wacheza ngoma, wapiga ala, tembo, maua. Kwenye kuba ya ukumbi duara zimepangwa moja ndani ya nyingine, na katikati linaning'inia yungiyungi la jiwe, majani yake membamba kiasi kwamba mwanga unapenya.

Fundi anafanyaje jiwe liwe jembamba hivyo? Ukigonga kwa patasi litavunjika. Mapokeo yanasema mafundi walikwangua kidogo kidogo, na kwamba walilipwa kwa uzito wa unga wa jiwe waliokwangua. Kadiri unavyokwangua polepole na kwa makini, ndivyo unavyolipwa. Fikiria hilo kwenye maeneo yetu ya ujenzi, ambako fundi analipwa kwa kuwahi kumaliza.

Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1230, likajengwa hekalu la pili kubwa hapo hapo, Luna Vasahi. Wajenzi ni ndugu wawili, Vastupala na Tejapala, mawaziri matajiri wa Gujarat, kwa kumkumbuka ndugu yao Luna. Na hapa tena, msomaji, kuna mke.

Inasimuliwa kwamba ndugu hao walikuwa safarini na hazina yao, wakaogopa wezi, wakaamua kuizika. Walipochimba wakakuta dhahabu nyingine, ya mtu mwingine aliyezika zamani akafa asirudi. Wakashindwa la kufanya. Tejapala akamuuliza mkewe, Anupama. Yeye akawaambia: anayezika mali anaipeleka chini, na chini ndiko anakoelekea mwenyewe. Iwekeni juu ya mlima, kila mtu aione na asiweze mtu kuichukua. Ndipo wakajenga.

Ndani ya hekalu hilo kuna vidaka viwili vya marumaru vilivyochongwa kupita kiasi, kimoja kushoto na kingine kulia. Watu huviita vidaka vya wake wa ndugu wawili, na husema kila mmoja alitaka chake kisizidiwe na cha mwenzake. Bibi alipofika hapo alimkonyeza mumewe. "Wanawake ni wanawake, hata mlima mtakatifu."

La tatu Mzee alilolipenda zaidi ni Ranakpur, pia Rajasthan, lililoanzishwa karne ya 15 na mfanyabiashara Dharna Shah, kwenye ardhi ya mfalme Rana Kumbha. Hilo lina milango upande wa pande zote nne za dunia, na nguzo zinazohesabiwa kuwa 1,444. Hakuna mbili zinazofanana. Ukisimama popote unaona katikati, yeye anasema, na kadiri jua linavyozunguka, jiwe linabadilika rangi kutoka manjano hadi samawati. "Nguzo ni kama ndoa," akasema, "kila moja na nakshi zake, lakini zote zinabeba dari." Bibi akamwambia aache kuhubiri, tunakosa simba.

KUTOKA JAMNAGAR HADI MOMBASA

Swali nililokuwa nalo ni hili: watu wa Shatrunjaya na Abu walifikaje pwani yetu? Nilikulia nikiwaita wote Wahindi, basi, imekwisha.

Wajaini wengi wa Afrika Mashariki ni wa jamii ya Oshwal, wakulima na wafanyabiashara wadogo kutoka vijiji vya kuzunguka Jamnagar, Gujarat. Walianza kuja mwaka 1899 hivi, wakati ule ule njaa kubwa ilipoipiga nchi yao. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inajengwa. Ilifika Kisumu mwaka 1901. Wakafuata reli na barabara, wakafungua maduka kila kituo. Mwanzo waliabudu katika vyumba vya kawaida. Jambo la kwanza likawa shule na nyumba ya wageni wa jamii, hekalu la jiwe likasubiri.

Mombasa, katika barabara ya Langoni, Mji wa Kale, walijenga hekalu lao jeupe mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwendo mfupi kutoka misikiti ya Waswahili. Bibi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka vumbi jeupe kwenye nywele za mafundi na mama yake akitoa bangili. "Si za kuuza sana," akasema, "mbili tu. Lakini baba alimuuliza kwanza."

Nairobi walijenga lao kubwa eneo la Parklands mwaka 1984. Wakati huo wengi walikuwa wameshahama, wengine kwa hiari, wengine baada ya kufukuzwa Uganda mwaka 1972. Leicester walinunua kanisa la zamani, wakalivika uso wa marumaru nyeupe iliyochongwa India, likafunguliwa kama kituo cha Wajaini mwaka 1988. Ndani kuna nguzo na kuba, kama zile za Abu, kwenye mtaa wa Kiingereza wenye mvua. Sijafika. Bibi amenialika.

SWALI LA JIONI

Saa kumi tukaanza kupanda kutoka kreta, mapema kuliko magari yote, ili wageni wawahi kula kabla ya jua kuzama. Kwa kawaida mume wangu hupenda kutoka dakika ya mwisho. Siku hiyo hakulalamika.

Wageni walipokwenda kulala, tulikaa nje. Nilimwona anazungusha kikombe muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Hivi wewe unataka nini?"

Kusema kweli, sikuwa na jibu lililokamilika. Nikamwambia kwamba nataka twende hospitali wote wawili, siyo mimi peke yangu kama siku zote, maana yeye alikuwa hajawahi kupimwa. Nikamwambia kwamba simu za Jumapili azipokee yeye, ni mama yake. Na nikamwambia kwamba kama mtoto hatakuja, sitaki nyumba yetu iwe kama kituo cha basi, tunakaa tumeshika mizigo tunasubiri. Nataka tuwe na kitu tunachokijenga.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Hospitali nilikuwa naogopa." Maneno matatu tu, na sikuwahi kuyasikia kwa miaka saba.

Mwezi uliofuata tulikwenda Arusha, wawili. Majibu tuliyopewa ni ya kwetu, hayaingii kwenye jarida. Aprili alikwenda Mbulu peke yake kuongea na mama yake. Sijui walisema nini. Najua simu ya Jumapili siku hizi inalia kwenye simu yake, na mama huwa anamaliza kwa kuniulizia mimi, na bamia zangu.

Sisemi kwamba hadithi ya zamani inatibu ndoa. Shridevi alijibu "hekalu". Mwingine angejibu "mtoto", na asingekuwa amekosea. Lakini kule Abu kuna jengo lenye karibu miaka 1,000, na wanaolitunza bado wanasimulia kwamba kabla ya jiwe la kwanza, mwanamume mwenye jeshi zima nyuma yake alirudi nyumbani kuuliza.

Wewe na mwenzi wako, ni lini mara ya mwisho mmeulizana?

KAMA MNATAKA KUYAONA

Mombasa ni karibu kuliko India. Hekalu la Langoni ni mahali pa ibada, si makumbusho, kwa hiyo ulizeni kwanza langoni saa ambazo wageni wanapokelewa.

Vueni viatu, na mwacheni nje kila kitu cha ngozi: mkanda, pochi, mkoba. Vaeni nguo zinazofunika mabega na magoti. Msiingie na chakula. Mwanamke aliye kwenye siku zake huombwa asiingie ndani. Mkiona tangazo hilo msilifanye ugomvi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na sanamu za tirthankara msizipige kabisa kama hamjaruhusiwa.

Kwa wenye mpango wa fungate India, Abu na Ranakpur ziko katika jimbo moja na mnaweza kuziunganisha kwenye safari moja. Shatrunjaya iko Gujarat: anzeni kupanda alfajiri, bebeni maji, na msiende msimu wa mvua zao.

Na mkialika marafiki Wajaini nyumbani, pikeni choroko, bamia, kabichi na ndizi. Chakula kiwe mezani saa kumi na mbili kasoro. Vitunguu vya Mang'ola vitasubiri kesho.